Ninawi Ipi Unayoizungumzia? Mji wa Nabii Yunus kati ya Historia, Imani na Kilima cha Mosul

Nchi ikipatwa na msukosuko, uwe ukame, maradhi au uchaguzi wenye joto, haupiti muda kabla ya wito kusikika makanisani: tufunge, tuombe, tutubu kama watu wa Ninawi. Misikitini nako kisa cha Nabii Yunus (a.s.), ambaye Biblia inamwita Yona, husimuliwa, na dua aliyoiomba akiwa tumboni mwa samaki ni kimbilio la kila mwenye dhiki. Halafu mtu anafungua simu jioni na kukutana na video inayodai kwamba vibao vya udongo vya kale vimethibitisha toba ya mfalme wa Ninawi. Video inayofuata inadai mji huo ni hadithi tupu, haukuwahi kuwapo. Chini yake watu wanabishana usiku kucha, na ukisoma maoni yao unagundua kwamba wengi hawazungumzii kitu kimoja.

Jina Ninawi limebeba mambo matatu. Kuna mji wa kale uliojengwa kwa matofali ya udongo, ukatawala dunia ya wakati wake, ukachomwa moto. Kuna mji wa maandiko, ambao Wayahudi, Wakristo na Waislamu wanaukumbuka kwa sababu ya nabii mmoja na watu waliomsikiliza. Na kuna Ninawa ya leo, mkoa wa Iraq wenye masoko, makanisa, misikiti na majeraha ya vita vya juzi tu. Mambo hayo matatu yanahusiana, lakini ushahidi wa moja si lazima uwe ushahidi wa jingine.

Mahali penyewe

Mesopotamia ni jina la kale la nchi iliyo kati ya mito Tigris na Frati, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Iraq. Tigris ndio mto ambao Biblia ya Kiswahili huuita Hidekeli. Ninawi ilikuwa kwenye ukingo wake wa mashariki, kaskazini mwa nchi. Ng'ambo ya pili ni mji mkongwe wa Mosul, na siku hizi mitaa ya Mosul imevuka mto na kuyazunguka magofu.

Hapa wengi huteleza kwa mara ya kwanza: Ninawi si Babeli. Babeli ilikuwa kusini, mamia ya kilomita kutoka hapo, na ilikuwa dola nyingine. Ninawi ilikuwa ya Ashuru, dola ya kaskazini. Mara Ashuru iliitawala Babeli, mara Babeli iliasi, na mwishowe Babeli ndiyo iliyoshiriki kuiua Ninawi. Wala Ashuru si Siria ya leo, ambayo Biblia ya Kiswahili huiita Shamu. Anayesoma habari za wafalme wa Israeli bila kutenganisha Ashuru, Shamu na Babeli atapotea kabla hajamaliza sura.

Ukifika pale hutaona kwanza majumba. Utaona ukuta mrefu, mzunguko wake kiasi cha kilomita 12, na ndani yake vilima viwili. Kimoja huitwa Kuyunjik, kingine Nabi Yunus. Vilima hivyo vimefanywa na watu. Yeyote aliyeishi katika nyumba ya udongo anajua kwamba ikiachwa bila kukandikwa, masika mawili matatu huiangusha, na mwenye kujenga upya husawazisha kifusi na kujenga juu yake, sakafu mpya ikawa juu kidogo kuliko ya zamani. Pale Kuyunjik watu walifanya hivyo kwa maelfu ya miaka. Wanaakiolojia waliochimba shimo refu mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuta mabaki ya watu walioishi hapo yapata mwaka 6000 KK. Kwa hiyo Yona alipotajwa, Ninawi ilikuwa tayari kongwe mno.

Sifa yake ya kwanza haikuwa jeshi, ilikuwa dini. Ninawi ilikuwa mji wa Ishtar, mungu wa kike wa vita na mapenzi, na hekalu lake liliheshimiwa hata nje ya mipaka. Katika karne ya 14 KK mfalme Tushratta wa Mitani, aliyekuwa akitawala eneo hilo, alituma sanamu ya Ishtar wa Ninawi hadi Misri kwa Farao Amenhotep III. Barua iliyoandamana na sanamu hiyo ipo. Ndani yake Tushratta anamwomba Farao amheshimu mungu huyo, kisha amrudishe kwao.

Mji mkuu wa dola iliyoogopwa

Ninawi ilikuwa mji mkuu kwa muda mfupi kuliko watu wanavyodhani. Mji mkuu wa kwanza wa dola ulikuwa Ashur, kisha Kalhu, kisha Dur-Sharrukin uliojengwa na mfalme Sargoni II. Mwaka 705 KK Sargoni aliuawa vitani na maiti yake haikupatikana. Kwa Waashuru hiyo ilikuwa nuksi kubwa. Mwanawe Senakeribu aliuacha mji mpya wa baba yake na kuhamia Ninawi. Tangu hapo hadi kuanguka kwake mwaka 612 KK, Ninawi ilikuwa kiti cha dola kwa chini ya miaka 100.

Miaka hiyo ilitosha. Senakeribu alipanua mji ukafika hekta zipatazo 750, akajenga ikulu aliyoiita jumba lisilo na mshindani, na akaleta maji kutoka milimani kwa mifereji. Pale Jerwan mfereji ulipaswa kuvuka bonde, basi mafundi wake wakajenga daraja la mawe lenye urefu unaokaribia mita 300, maji yakapita juu yake. Hayo yalifanyika karne kadhaa kabla Warumi hawajajulikana kwa kazi za namna hiyo. Mtaalamu wa Uingereza, Stephanie Dalley, ametoa hoja kwamba zile bustani zinazoning'inia, ambazo dunia huziita za Babeli, zilikuwa za Ninawi. Si wote wanaokubaliana naye, lakini akili ya maji iliyokuwapo Ninawi inaifanya hoja yake isiwe ya kupuuzwa.

Hapa ndipo historia na maandiko yanapogusana kwa uhakika, na ni ajabu kwamba wahubiri hawapataji sana. Mwaka 701 KK Senakeribu aliivamia Yuda. Kitabu cha 2 Wafalme kinasema mfalme Hezekia alitozwa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Senakeribu naye aliandikisha vita hiyo kwenye nguzo fupi ya udongo yenye pande sita, akajisifu kwamba aliteka miji 46 yenye maboma na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege kwenye tundu. Anataja talanta 30 za dhahabu, sawasawa na Biblia, ila fedha anasema 800. Hasemi kwamba aliingia Yerusalemu. Biblia inasema hakuingia. Mashahidi wawili waliochukiana wanakubaliana kwamba mji ule haukutekwa, kisha kila mmoja anaeleza kwa namna yake.

Afrika nayo imo. Simulizi hiyo ya 2 Wafalme inamtaja Tirhaka mfalme wa Kushi, yaani Taharqa, mtawala kutoka Sudan ya leo aliyekuja kuwa Farao wa Misri. Senakeribu aliuawa na wanawe mwaka 681 KK, na aliyerithi, Esar-hadoni, aliivamia Misri na kuiteka Memfisi mwaka 671 KK. Sanamu za Taharqa zilibebwa kama nyara hadi Ninawi. Wachimbaji wa Iraq walizikuta katika kilima cha Nabi Yunus katika miaka ya 1950, vipande vya mfalme wa Nubia vikiwa kwenye mlango wa ghala la silaha la adui yake.

Ukitaka kuelewa kwa nini nabii aliyetumwa Ninawi alikimbia, tazama walichochora Waashuru wenyewe. Kuta za ikulu zilifunikwa kwa mabamba ya mawe yaliyochongwa picha, na mengi yako katika Makumbusho ya Uingereza jijini London. Chumba kimoja kinaonyesha kutekwa kwa Lakishi, mji wa Yuda: wanaume wametundikwa kwenye miti iliyochongoka, wanawake na watoto wanatolewa nje na mizigo yao juu ya mikokoteni ya ng'ombe. Kuna bamba jingine, dogo zaidi, ambalo kwangu linatisha kuliko yote. Mfalme Ashurbanipal amejilaza kitandani bustanini chini ya mzabibu, malkia ameketi mbele yake, wote wameshika vikombe. Watumishi wanapepea, mwanamuziki anapiga kinubi, ndege wametua mitini. Ukifuata matawi kwa jicho kuelekea kushoto unakuta kichwa cha binadamu kinaning'inia. Ni cha Teumman, mfalme wa Elamu, dola iliyokuwa katika Iran ya leo. Hakuna anayekitazama kwa mshtuko.

Nabii Nahumu wa Biblia alipouita Ninawi mji wa damu hakuwa anatia chumvi. Wenyewe walijisifu hivyo.

Maktaba, na kisa cha gharika

Ashurbanipal huyohuyo alikuwa msomi. Alijivunia kujua kusoma na kuandika, jambo ambalo kwa wafalme wa wakati ule halikuwa la kawaida, na aliagiza maandishi yakusanywe kutoka mahekalu ya Babeli. Waashuru waliandika kwa kuchapa alama zenye umbo la kabari juu ya udongo mbichi. Moto ulipoteketeza mji, vitabu vya ngozi au mbao viliangamia, lakini udongo ulizidi kukomaa. Vibao na vipande vyake zaidi ya 30,000 vilichimbuliwa katika karne ya 19 na Mwingereza Austen Henry Layard na Hormuzd Rassam, Mkristo mwenyeji wa Mosul. Rassam ndiye aliyeifukua ikulu ya Ashurbanipal mwaka 1853, lakini kwa miaka mingi sifa zilikwenda kwa wengine, na inafaa jina lake litajwe.

Mwaka 1872 George Smith, akisoma vipande hivyo London, alikuta habari ya gharika: mtu anaonywa, anajenga chombo, anaingiza viumbe hai, chombo kinakwama mlimani, kisha anawaachia ndege, njiwa kwanza, halafu mbayuwayu, halafu kunguru ambaye harudi. Ni sehemu ya utenzi wa Gilgamesh, utenzi wa kale wa Mesopotamia. Tangu siku hiyo pande mbili zinavutana. Upande mmoja unasema, basi Nuhu amethibitishwa. Mwingine unasema, basi Nuhu amenakiliwa. Kibao chenyewe hakisemi lolote kati ya hayo. Kinathibitisha kwamba kisa cha gharika kilikuwa kikisimuliwa Mesopotamia tangu zamani sana, na kwamba maandiko ya Mwanzo na simulizi za Mesopotamia zina ujirani. Zaidi ya hapo, msomaji anaongeza imani yake au mashaka yake.

Yona, Yunus, na kimya cha vibao

Sasa swali linalowasha mijadala: je, Waashuru wameandika habari za Yona na toba ya mji? Hapana. Katika maandishi yao yaliyosomwa hadi leo Yona hatajwi, wala toba ya mji mzima. Video inayodai vinginevyo inakudanganya. Kwa upande mwingine, wanaosema kimya hicho kinathibitisha kwamba hakuna kilichotokea nao wanakimbia mbele ya ushahidi. Wafalme wa Ashuru waliandikisha ushindi na majengo, si siku walizonyenyekezwa. Kuamini kisa cha Yona ni jambo la imani, na mwenye imani hahitaji kibao bandia kumsaidia.

Madai mengine mawili huzunguka sana. La kwanza ni kupatwa kwa jua. Orodha za Waashuru zinarekodi kupatwa kwa jua ambako wataalamu wa nyota wamekupatia tarehe: 15 Juni 763 KK, kipindi kinachokaribiana na siku za Yona mwana wa Amitai anayetajwa katika 2 Wafalme 14:25. Tukio ni la kweli. Kuliunganisha na toba ni dhana, kwa sababu si orodha ile wala kitabu cha Yona kinachounganisha. La pili ni kwamba Waninawi waliabudu mungu samaki aitwaye Dagoni, ndiyo maana walimwogopa mtu aliyetapikwa na samaki. Mungu mkuu wa mji alikuwa Ishtar, Dagoni alikuwa mungu wa magharibi zaidi, na kumfanya samaki ni tafsiri ya baadaye. Zile picha za watu waliovaa ngozi ya samaki katika sanaa ya Ashuru ni za wahenga wa hekima waliolinda nyumba dhidi ya mapepo.

Vipi kuhusu mji uliohitaji mwendo wa siku tatu? Ndani ya kuta mtu angevuka kwa saa moja au zaidi kidogo. Wafafanuzi wengine husema maneno yale yanahesabu mji pamoja na vitongoji vyake, wengine husema ni siku za kupita mtaa kwa mtaa ukitangaza ujumbe. Maelezo hayo ya pili yanamfaa mtu anayehubiri kwa miguu.

Biblia na Qurani zinakutana katika kiini cha kisa: nabii aliyeondoka, samaki, dua, mmea, na watu waliopewa nafasi. Zinatofautiana katika mkazo. Katika kitabu cha Yona mmea unaota na kunyauka ili nabii afunzwe huruma, na Mungu anamuuliza kwa nini asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi pia. Hata wanyama waliamriwa kufunga na kuvikwa magunia. Katika Surat As-Saffat nabii anatupwa ufukweni akiwa mgonjwa, na mmea wa jamii ya mung'unye unaoteshwa ili umfunike. Kisha inatajwa kwamba alitumwa kwa watu laki moja au zaidi, nao wakaamini. Surat Yunus aya ya 98 inawapa watu wa Yunus daraja ya pekee: mji ulioamini wakati imani ilipoweza kuufaa, ukaondolewa adhabu, ukastareheshwa kwa muda.

Qurani haiutaji mji kwa jina. Waislamu wanajua ni Ninawi kutokana na tafsiri za Qurani na sira, yaani simulizi za maisha ya Mtume, hasa kisa cha Addas, mtumwa Mkristo aliyempelekea Mtume Muhammad (s.a.w.) zabibu alipofukuzwa Taif. Alipoulizwa kwao akataja Ninawi, na Mtume akamwambia kwamba huo ni mji wa mja mwema Yunus bin Matta. Addas akashangaa, maana hakutarajia mtu wa Makka alijue jina hilo.

Na kama walitubu, mbona mji ukaangamia? Kwa sababu kati ya Yona na mwaka 612 KK kuna zaidi ya karne nzima. Waliokufa ni wajukuu wa wajukuu. Biblia imehifadhi vitabu viwili kuhusu mji huo, Yona cha rehema na Nahumu cha hukumu, na haikujaribu kufuta kimoja ili kuokoa kingine.

Anguko lenyewe lina shahidi nje ya Biblia. Taarikhi ya Babeli inaeleza kwamba majeshi ya Nabopolasa wa Babeli na Wamedi, watu wa Iran ya leo, yaliuzingira mji kwa miezi mitatu hivi, wakauteka. Katika lango la Halzi wachimbaji wa mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuta mifupa ya watu waliokufa pale walipoanguka, hawakuzikwa. Mwaka 401 KK mwandishi wa Kigiriki Xenophon alipita na jeshi lake kando ya kuta hizo. Aliambiwa paliitwa Mespila na palikuwa pa Wamedi. Miaka 200 na kitu ilitosha msafiri msomi asijue kwamba amepita Ninawi.

Urithi unaoishi

Dola ilisahauliwa, toba haikusahauliwa. Makanisa ya Mashariki yenye asili ya Kisiria, Wakopti wa Misri na Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano, majuma mawili au matatu kabla ya Kwaresima. Inaitwa Saumu ya Ninawi. Wayahudi husoma kitabu cha Yona alasiri ya Yom Kippur, siku yao kuu ya toba. Yesu, katika Mathayo 12:41, anasema watu wa Ninawi watasimama siku ya hukumu kukihukumu kizazi chake. Na ile dua ya Yunus, *La ilaha illa anta subhanaka inni kuntu minadh-dhalimin* (hapana mungu ila Wewe, umetakasika, hakika mimi nilikuwa miongoni mwa waliodhulumu), inasomwa kila pembe wanakoishi Waislamu, Mombasa na Zanzibar zikiwemo. Mji ulioning'iniza kichwa cha adui juu ya karamu umebaki katika midomo ya waumini kama mfano wa kunyenyekea. Sijui mji mwingine wa kale uliopewa ukumbusho wa namna hiyo na wale ambao mababu wa imani yao waliteswa nao.

Kilima cha Nabi Yunus kinaeleza mfuatano huo kwa tabaka zake. Chini kabisa ni ikulu ya Esar-hadoni. Juu yake ilikuwapo monasteri ya Wakristo. Baadaye msikiti, wenye kaburi ambalo watu wa Mosul waliliheshimu kuwa la Nabii Yunus, ingawa kuna makaburi mengine yanayonasibishwa naye, kwa mfano Halhul karibu na Hebroni. Waislamu na Wakristo walikuwa wakizuru pamoja.

Tarehe 24 Julai 2014, wiki chache baada ya kuiteka Mosul, kundi la Dola ya Kiislamu lililipua msikiti huo. Walidai kwamba kuheshimu kaburi ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu na kitu kingine. Mwaka uliofuata walionekana kwenye video wakivunja vitu vya makumbusho ya Mosul na kuchimbua kwa mashine nyuso za sanamu za mafahali wenye mabawa katika lango la Nergali, na Wakristo wa uwanda wa Ninawi walikuwa wamekwisha kukimbia vijiji vyao. Mosul ya mashariki ilipokombolewa Januari 2017, wataalamu wa Iraq walikuta chini ya kifusi cha msikiti mahandaki ambayo kundi hilo lilichimba kutafuta vitu vya kale vya kuuza. Ndani yake kulikuwa na maandishi ya Esar-hadoni na michoro ya ikulu ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya miaka 2,600.

Tangu hapo wachimbaji wa Iraq wameendelea na kazi kwa kushirikiana na wenzao, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Heidelberg cha Ujerumani. Mwaka 2022, katika lango la Mashki, yalipatikana mabamba ya marumaru yenye picha za vita za Senakeribu, yakiwa yamefukiwa kwa udongo. Sehemu kubwa ya ikulu ya Nabi Yunus haijaguswa, kwa sababu juu yake na kandokando yake kuna nyumba za watu, makaburi yao, na mahali pa msikiti wanaotaka wengi ujengwe tena.